Saumu na Mpira wa Kikapu: Habari ya Timu ya Houston, 1995

Kila mwezi wa Ramadhani ukikaribia, husikika katika nyumba zetu maneno yale yale. Kijana mmoja asema ana mtihani. Mwengine asema timu yake ina mchezo siku ya Jumamosi, na mwalimu wa timu amekwisha kumwambia kwamba mwenye njaa hawezi kukimbia. Mama huingiwa na huruma, baba hunyamaza, siku moja hufunguliwa, kisha ya pili, mpaka mwezi wote ukawa umemponyoka kijana mkononi. Na sala nayo huenda njia hiyo hiyo: Alasiri hupita uwanjani, Magharibi hupita njiani, na Isha humkuta kijana amelala kwa uchovu.

Nyuma ya maneno hayo lipo wazo moja ambalo twaona yafaa litazamwe kwa makini. Wazo lenyewe ni kwamba dini ni mzigo, na mwenye kutaka kufika mbele katika kazi za dunia hana budi autue mzigo huo njiani. Hatukusudii kulijibu wazo hilo kwa mawaidha matupu, maana vijana wetu wamekwisha kuyasikia mengi. Twataka kuwasimulia habari ya kweli, nayo ni habari ya mchezo waupendao, mpira wa kikapu. Ya timu moja ya Marekani iitwayo Houston Rockets, na msimu wake ulioanza mwishoni mwa mwaka 1994 ukamalizika Juni 1995. Katika msimu huo mtu aliyekuwa nguzo ya timu alifunga Ramadhani, na timu yake, ambayo wengi walikwisha kuikatia tamaa, ikatwaa ubingwa.

KIJANA WA LAGOS

Mtu huyo ni Hakeem Olajuwon. Alizaliwa Lagos, Nigeria, tarehe 21 Januari 1963, katika nyumba ya Waislamu wa kabila la Yoruba, na wazazi wake walikuwa wafanya biashara ya saruji. Mchezo wake wa utotoni haukuwa kikapu, bali kandanda, naye alikuwa mlinda lango. Akacheza pia mpira wa mikono. Mpira wa kikapu alikuja kuujua baadaye sana, akiwa mwanafunzi mkubwa. Wajuzi wa mchezo husema kwamba ule wepesi wa miguu uliowashangaza watu, kwa mtu mwenye kimo kipatacho futi saba, ulitoka katika viwanja vya kandanda vya Lagos.

Mwaka 1980 alikwenda Marekani akaingia Chuo Kikuu cha Houston, katika jimbo la Texas. Mwaka 1984 timu ya mji ule ule, Houston Rockets, ilimchagua yeye wa kwanza mbele ya vijana wote wa mwaka huo. Na miongoni mwao alikuwamo Michael Jordan, ambaye alichaguliwa wa tatu. Hivyo akiwa kijana wa miaka 21 alijikuta ana mali, ana sifa, na jina lake laitwa na umati wa watu kila usiku.

Wala isidhaniwe kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa mfano wa utulivu. Katika miaka yake ya mwanzo alikuwa mwepesi wa hasira, akigombana na wapinzani na kubishana na waamuzi, wala ibada aliyolelewa nayo hakuwa akiishika kwa ukamilifu. Badiliko lilikuja polepole, kuelekea mwisho wa miaka ya themanini, alipoanza kuhudhuria msikitini Houston na kuirudia Qurani. Mwezi wa Machi 1991 akatangaza kwamba jina lake liandikwe Hakeem, na si Akeem kama walivyozoea kuliandika Wamarekani. Hakulibadilisha jina, bali alilirejesha katika usahihi wake, kwani asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye hekima.

Jambo la kuangaliwa hapa ni hili. Watu wengi wangetazamia kwamba mcheza mpira aliyerudi katika sala na saumu angepungua uwanjani. Yaliyotokea yalikuwa kinyume. Miaka yake iliyo bora kabisa ilikuja baada ya badiliko hilo. Mwaka 1993 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Mwaka 1994 alipata tena heshima hiyo, na juu yake akatajwa mchezaji bora wa msimu, na timu yake ikawashinda New York Knicks katika fainali ya michezo saba, ikatwaa ubingwa wa kwanza katika historia yake.

MSIMU WENYE MASHAKA

Kushinda mara moja ni jambo kubwa, lakini kuulinda ushindi ni jambo zito zaidi. Msimu wa pili ulipoanza, Houston ilishinda michezo yake tisa ya kwanza mfululizo, na watu wakadhani njia ni nyeupe. Haikuwa hivyo. Katika ligi ile kila timu hucheza michezo 82 kabla ya mtoano, huku ikiruka kwa ndege kutoka mji hadi mji, na Houston ikaanza kushindwa na timu ambazo mwaka uliotangulia ilizishinda bila taabu.

Katika hali hiyo Ramadhani ikaingia, tarehe mosi Februari 1995, katikati kabisa ya msimu. Olajuwon alifunga. Aliamka kabla ya alfajiri, akala daku, akanywa maji ya kumtosha, kisha hakutia kitu kinywani mpaka jua kuchwa. Twapenda kusema ukweli wote, tusimtukuze mtu kwa jambo lisilokuwapo: michezo mingi ya ligi ile huchezwa usiku, na katika Februari jua la Houston huchwa baada ya saa kumi na mbili kidogo, kwa hiyo siku nyingi alikuwa amekwisha kufuturu kabla ya mchezo kuanza. Lakini hata hivyo mazoezi, safari na matayarisho yote ya mchana aliyafanya akiwa na saumu. Na ilipotokea mchezo kuwekwa mchana, kama ilivyo desturi katika siku za mwisho wa juma, aliingia uwanjani akakimbia pamoja na wenziwe bila ya kunywa hata tone la maji, na hali wao walikuwa wakinywa kila mchezo uliposimama.

Mwezi wa Februari ulipokwisha, wenye ligi walimtangaza mchezaji bora wa mwezi. Nani aliyekuwa mchezaji bora wa mwezi huo? Alikuwa yule yule aliyefunga.

Hapa yatupasa tuweke neno la sheria, asije msomaji akapotea kwa mfano huu. Mwenyezi Mungu, kwa rehema yake, amemruhusu mgonjwa na msafiri wafungue kisha walipe siku nyengine, na ruhusa hiyo imo katika Sura ya Al-Baqara. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamebainisha kwamba msafiri asiyedhurika na saumu, kufunga kwake ni bora. Na akiwa atadhurika, bora kwake ni kufungua. Basi asiye na nguvu hizo asijione ni mpungufu wa imani, wala mgonjwa asijitie katika hatari kwa kutaka kumwiga bingwa. Lakini yule aliye mzima wa afya, aliye mjini kwake, ambaye udhuru wake wote ni mchezo wa saa mbili, huyo hana ruhusa ya msafiri wala ya mgonjwa. Kwake yeye habari ya Olajuwon ni hoja iliyo wazi.

Mwezi ule ule lilitokea katika timu ile ile jambo jengine ambalo twaliona ni funzo. Tarehe 6 Februari, timu ilipokuwa ikicheza ugenini mjini Portland, mchezaji mmoja wa Houston alikasirishwa na maneno ya mtazamaji, akauacha uwanja, akapanda hadi walipokaa watazamaji, akampiga mtu yule. Alifungiwa michezo 10, akatozwa faini ya dola 20,000. Jina lake hatulitaji, maana makusudio yetu si kumfedhehi mtu. Twalilotaka ni kuonyesha kwamba mwenye kudhani nguvu ya mchezaji imo mikononi na miguuni tu amekosea. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba mwenye nguvu wa kweli si yule awaangushaye watu katika mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Na saumu ni nini, kama si chuo cha kuimiliki nafsi?

Tarehe 14 Februari wakuu wa timu walifanya jambo lililowashangaza wengi. Walimtoa Otis Thorpe, mtu wa nguvu aliyekuwa pamoja nao wakati wa ubingwa, wakamchukua Clyde Drexler kutoka Portland. Drexler alikuwa mwenzi wa Olajuwon tangu siku za chuo kikuu; alikwisha kufika fainali mara mbili, mwaka 1990 na 1992, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu. Watu walitazamia mambo yatengenee mara moja, lakini tangu siku aliyofika mpaka mwisho wa msimu Houston ilishinda michezo 17 ikashindwa 18. Na karibu na mwisho Olajuwon mwenyewe akapatwa na upungufu wa damu, ikambidi akose michezo kadhaa.

Hesabu ilipofungwa, Houston ilikuwa imeshinda michezo 47 na kushindwa 35, ikawa ya sita katika upande wake wa ligi. Haikuwahi kutokea kwamba timu iliyoingia mtoano ikiwa ya sita itwae ubingwa.

KATIKA MTOANO

Kwa faida ya wazazi wasioufuata mchezo huu, tutaeleza kwa ufupi. Msimu ukimalizika, timu 16 zilizo bora huingia mtoano. Timu mbili hukutana mara nyingi, si mara moja. Katika mwaka ule duru ya kwanza ilikuwa ya kushinda michezo mitatu, na duru zilizofuata za kushinda minne. Timu iliyofanya vizuri zaidi katika msimu hupewa fadhila ya kuanza nyumbani, na mchezo wa kukata shauri, ukihitajiwa, huchezwa kwake. Houston, kwa kuwa ilikuwa nyuma ya wote iliokutana nao, haikuipata fadhila hiyo hata mara moja.

Duru ya kwanza walikutana na Utah Jazz, timu iliyoshinda michezo 60 katika msimu. Baada ya michezo mitatu Utah ilikuwa imeshinda miwili, na ushindi mmoja tu ungeitoa Houston. Katika mchezo wa nne Drexler alipata pointi 41 na Olajuwon 40, wakashinda. Wakasafiri hadi Utah kwa mchezo wa tano, na huko wakashinda kwa pointi 95 dhidi ya 91.

Duru ya pili walikutana na Phoenix Suns, washindi wa michezo 59. Hapo hali ilikuwa mbaya zaidi. Houston ilishindwa michezo mitatu kati ya minne ya kwanza, na wa mwisho kati ya hiyo ilishindwa nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Sasa ilitakiwa kushinda mitatu mfululizo, na miwili kati yake ugenini. Ikashinda wa tano kwa muda wa ziada. Ikashinda wa sita. Katika wa saba, tarehe 20 Mei, mchezaji mmoja wa Phoenix, Kevin Johnson, peke yake alipata pointi 46, na zilipobaki sekunde chache tu timu zilikuwa sawa, 110 kwa 110. Mpira ukamfikia Mario Elie, aliyesimama peke yake pembeni mwa uwanja. Hakuwa mchezaji mwenye jina kubwa. Akatupa kutoka mbali, mpira ukaingia, pointi tatu. Houston ikashinda kwa 115 dhidi ya 114, tofauti ya pointi moja.

Duru ya tatu walikutana na San Antonio Spurs, timu iliyoshinda michezo mingi kuliko zote mwaka ule, 62. Nguzo ya San Antonio alikuwa David Robinson, ambaye siku zile zile alitangazwa mchezaji bora wa ligi. Mchezo wa kwanza Houston ilishinda kwa pointi moja, 94 dhidi ya 93, kwa mtupo wa Robert Horry katika sekunde za mwisho. Kabla ya mchezo wa pili Robinson alikabidhiwa kikombe chake mbele ya umati wa nyumbani kwake, na Olajuwon amesimama akitazama. Kisha mchezo ukaanza, na Olajuwon akapata pointi 41. Katika michezo sita ya duru ile wastani wake ulikuwa pointi 35 na zaidi kwa kila mchezo, ingawa aliyekuwa akimlinda ni Robinson mwenyewe. Mpaka leo walimu wa mchezo huwaonyesha wanafunzi picha za michezo ile ili wajifunze namna ya kupinda, kugeuka na kumpita mlinzi. Houston ilishinda michezo minne kwa miwili, na mitatu ya minne hiyo iliipata ugenini.

Fainali ilikuwa dhidi ya Orlando Magic, timu ya vijana, na mkubwa wao alikuwa Shaquille O'Neal, mwenye nguvu za mwili ambazo wachache waliweza kuzihimili. Katika mchezo wa kwanza, tarehe 7 Juni mjini Orlando, Houston ilifika kuwa nyuma kwa pointi 20. Ikarudi kidogo kidogo. Zilipobaki sekunde kumi hivi, Orlando ilikuwa mbele kwa pointi tatu, na Nick Anderson wake akapewa mitupo huru, mtupo ambao mtu husimama peke yake bila ya kuzuiwa na yeyote. Akakosa miwili, akaupata mpira tena, akapewa miwili mengine, akakosa nayo. Kenny Smith wa Houston akatupa kutoka mbali akasawazisha, na mchezo ukaingia muda wa ziada. Mwishowe Drexler alitupa mpira ukagonga chuma, na Olajuwon akausukuma kwa ncha za vidole ukaingia kikapuni, ikiwa haijabaki hata sekunde moja nzima. Houston 120, Orlando 118.

Baada ya hapo Orlando haikusimama tena. Michezo minne ilichezwa, na yote minne ilikuwa ya Houston; wa mwisho ulikuwa tarehe 14 Juni, 113 dhidi ya 101. Katika kila mmoja wa michezo hiyo Olajuwon alipata pointi zaidi ya 30, na kwa mwaka wa pili mfululizo alitajwa mchezaji bora wa fainali. Timu iliyoingia ikiwa ya sita ilikuwa imezitoa timu nne, ambazo kila moja ilikwisha kushinda michezo zaidi ya 50 katika msimu, na imeshinda michezo tisa katika viwanja vya watu. Mwalimu wa timu, Rudy Tomjanovich, alisimama akawaonya walimwengu wasiudharau tena moyo wa bingwa, na neno lake hilo lingali likitajwa hata leo.

SAUMU SI HIRIZI

Sasa twende kwenye mazingatio. La kwanza tutakalolisema huenda likamshangaza msomaji: hatusemi kwamba Houston ilishinda kwa sababu Olajuwon alifunga. Wenziwe wengi katika timu hawakuwa Waislamu, wala Drexler, Elie na Smith hawakufunga. Robinson aliyeshindwa alikuwa mtu wa dini yake na mwenye tabia njema. Na mwaka uliofuata, 1996, Olajuwon alifunga Ramadhani kama kawaida yake, na Houston ikatolewa katika duru ya pili na timu ya Seattle, bila ya kushinda hata mchezo mmoja.

Lau dini ingekuwa hirizi ya kushindia michezo, basi mwaka ule hirizi ilikuwa imekwisha nguvu. Hasha. Mwislamu hafungi ili apate kikombe, bali hufunga kwa kuwa Mola wake amemwamrisha, na malipo yake yako kwa Mola wake. Kijana akifundishwa kwamba atafunga ili afaulu mtihani, siku atakayoanguka katika mtihani ataiona saumu imemwongopea. Hiyo si malezi, ni biashara mbovu.

Tusemalo ni dogo kuliko hilo, lakini ni thabiti. Twasema kwamba udhuru umevunjika. Yule asemaye kuwa haiwezekani mtu kufunga na akafanya kazi yake kwa ukamilifu, ameonyeshwa mtu aliyefunga katika kazi iliyo nzito kuliko ya wengi wetu, mbele ya macho ya mamilioni, na akawa wa mbele katika kazi hiyo. Neno haiwezekani limeondoka. Lililobaki ni sitaki au ni vigumu. Na kuwa vigumu si aibu, kwani subira haina maana pasipo ugumu.

La pili ni hiyo subira yenyewe. Wengi wetu tumeizoea subira kuwa ni kukaa kitako na kungoja. Tazameni subira ya timu hii. Walipokuwa nyuma kwa michezo mitatu dhidi ya mmoja, hawakungoja Phoenix ianguke wenyewe. Walirudi mazoezini, wakapanda ndege, wakacheza mchezo mmoja uliokuwa mbele yao, kisha mwengine. Subira ni kudumu katika kazi ile ile wakati matumaini yamepungua. Hivyo ndivyo afanyavyo mwenye kufunga: hafungi siku thelathini kwa mara moja, bali hufunga siku ya leo, na kesho akaamka tena akala daku.

MALI NA HESHIMA

La tatu ni kwamba mtu hupimwa zaidi baada ya ushindi kuliko kabla yake. Katika nchi ile wachezaji wakubwa hulipwa fedha nyingi ili majina yao yauze viatu, na viatu vile huuzwa kwa bei ambayo mtoto wa maskini haiwezi. Watoto wakawa wakiwasumbua mama zao, na wengine wakiibiana kwa ajili yake. Olajuwon, katika mwaka ule wa ushindi wake wa pili, alilitia jina lake katika kiatu cha kampuni ya Spalding kilichouzwa kwa dola 35 hivi, na hali viatu vya wenziwe viliuzwa zaidi ya dola 100. Alisema waziwazi kwamba hakuona vyema mama mfanya kazi mwenye watoto watatu alazimishwe kununua viatu vya ghali. Wazazi wetu waliokwisha kusumbuliwa na watoto kwa ajili ya viatu na simu zenye majina wataielewa maana ya jambo hilo.

Tena alijilinda na riba. Alipoingia katika biashara ya majumba na viwanja mjini Houston, alinunua kwa fedha taslimu bila ya kukopa mkopo wa riba, akafanikiwa sana. Na katikati ya mji ule lilikuwapo jengo kuu la kale, lenye nguzo za mawe, lililojengwa mwaka 1928 kuwa benki. Olajuwon alilinunua, likafanywa msikiti na kituo cha kuufundisha Uislamu. Mahali zilipohesabiwa fedha sasa huadhiniwa sala.

NASI JE?

Mpira wa kikapu si mchezo wa kigeni tena kwetu. Umo katika viwanja vya skuli zetu, bara na pwani. Kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika ligi ile ile ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kuicheza, na mwaka 2011 alihamishiwa katika timu hiyo hiyo ya Houston. Njia ambayo zamani ilionekana ni ya watu wa mbali imekwisha kukanyagwa na mtoto wa nyumbani.

Kwa hiyo hatuwaambii vijana wetu waache mchezo. Mwili wenye nguvu ni amana, na Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba Mwislamu mwenye nguvu ana fadhila, ijapokuwa kila mmoja ana heri. Lakini mchezo nao una mipaka yake. Mavazi yasitiri. Sala isipitwe, dakika chache pembeni mwa uwanja zatosha, na timu yenye vijana watano wanaosimama safu moja kwa Alasiri itakuwa imejifunza umoja kabla ya mpira kurushwa. Na kamari ya kubahatisha nani atashinda, ambayo siku hizi imeingia ndani ya simu za watoto wetu, ni haramu, wala haigeuki kuwa halali kwa kuitwa mchezo. Mwenye kuupenda mpira na autazame, na aucheze. Asiuwekee fedha ya ada ya skuli.

Na wazazi nao wana sehemu yao. Kijana aliyefunga na akawa na mchezo jioni ahitaji daku ya maana, si kikombe cha chai na andazi. Ahitaji usingizi wa mapema, na mtu wa kumwamsha. Baba azungumze na mwalimu wa timu, kwa adabu, ili mazoezi ya Ramadhani yasogezwe baada ya futari au yapunguzwe. Walimu wengi husikia wanapoelezwa. Mara nyingi tumemlaumu kijana kwa kushindwa, na hali sisi tulimwacha aubebe mzigo peke yake. Olajuwon alikuwa mtu mzima alipoirudia ibada yake, lakini aliirudia kwa kuwa ilikuwako nyumbani alikotoka. Mwana hawezi kukirudia asichopata kukiona.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu nguvu katika miili yao na uthabiti katika dini yao, awajaalie wawe wa mbele katika kila jambo la heri, wala asiwafanye wauze cha milele kwa kikombe cha bati. Amin.